Kisu cha Nyasani na Surua ya Mokeira

Mume wangu Nyasani alikuwa omobari, yaani fundi wa kupasua vichwa. Usicheke! Mtu akipigwa rungu, au akianguka kutoka mtini na kuumwa kichwa miezi mitatu, aliletwa kwetu Ekerenyo. Nyasani alifungua ngozi, akakwangua mfupa polepole, na mgonjwa akarudi kwake kwa miguu yake. Nilijivunia mume wangu, sikatai.

Mwaka wa 1974 binti yetu Mokeira, wa miaka saba, aliugua surua. Vipele vikaanza kufifia, tukamshukuru Mungu, kumbe bado. Siku ya tano alishika kichwa akilia, kisha degedege likamkamata, akawa hanijui mimi mamake. Nyasani akaanza kunoa kisu.

"Baba Mokeira, huyu hutamgusa," nikamwambia. Nilimbeba mtoto mgongoni hadi zahanati. Nyasani alinifuata na mfuko wake wa vifaa, tukigombana njia nzima.

Muuguzi, Sista Tryphosa, alijaribu kuinamisha shingo ya Mokeira, ikakataa kukunjika.

"Mzee, hapa hakuna mfupa wa kukwangua," alisema. "Mwili ukivamiwa na virusi vya surua, hutuma ujumbe kupitia damu kuwaita askari wake. Wakija wachache, virusi vinashinda. Wakija wengi mno, vita vyao vinavimbisha ubongo. Huyu naona wamezidi."

"Basi nitoboe, uvimbe upate nafasi!"

"Utoboe uingize uchafu, tumzike Jumapili?"

Loo! Hakuna mtu aliyewahi kumjibu Nyasani hivyo. Alisimama, mkono ndani ya mfuko. Mimi niliutazama ule mkono tu. Angeutoa na kisu ningeung'ata, haki ya Mungu. Mwishowe akauacha mfuko, akatoka nje.

Sista akamdunga mtoto sindano ya kutuliza degedege na nyingine ya kupunguza uvimbe. Siku mbili sikulala wala sikula, nikihesabu pumzi zake. Siku ya tatu Mokeira akafungua macho, akasema, "Mama, njaa." Nilipiga vigelegele hadi wagonjwa wengine wakanikemea.

Nilimkuta Nyasani nyuma ya zahanati akilia. Nikadhani ni furaha. Nikamvuta aingie amwone mtoto, akakataa.

"Yule mtoto wa Omwenga niliyempasua mwaka wa sabini," akasema, "alikuwa ametoka kuugua surua. Nami nilimwambia babake kwamba walichelewa kumleta."