Mshono wa Mlangoni

Sikuzani hakulala. Kilichomnyima usingizi ni sauti aliyoisikia kupitia ukutani, ikitoka kwenye simu ya binti yake Shamila: "Mshono umeachia, dada. Tena pale mlangoni kabisa. Usiuache hivyo."

Mwezi uliopita Shamila alilazwa hospitali ya Kitete, akasema ni malaria. Kumbe alipasuliwa. Na mlango, kwa mwanamke, Sikuzani alijua ni upi. Akakaa kitako kitandani, akisubiri kuche.

Baada ya swala ya alfajiri akagonga.

"Shamila, nionyeshe mshono."

"Shikamoo, mama. Nani kakwambia?"

"Marahaba. Nimesikia mwenyewe. Nani alikupasua?"

Shamila alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaeleza. Yeye hupiga picha za kuzunguka: mtu aliye mbali anageuza simu yake, anaiona nyumba pande zote kama amesimama katikati. Picha nyingi huunganishwa, na zinapokutana ndipo wanapopaita mshono. Jana aliwatumia wenzake picha za nyumba ya kale ya njia ya misafara wamkosoe, maana leo jioni anaikabidhi kazi hiyo kwa kampuni ya watalii. Wakiipenda, watampa apige picha nyumba nyingine zote hadi Ujiji.

"Huyo Justus uliyemsikia usiku ana wivu tu," akasema. "Naipeleka hivi hivi. Tazama mwenyewe."

Sikuzani akageuza simu taratibu. Ua, nguzo, dari la miti. Akafika kwenye mlango wa nakshi: nusu moja imepanda, nyingine imeshuka, komeo limekatika katikati. Tangu mtoto huyu aanze kuchora kwa mkaa, mama yake humwambia ni nzuri. Leo, baada ya hofu ya usiku ule, hakuwa na nguvu za kumpamba.

"Umepinda. Ningekuwa mgeni, nyumba nzima nisingeiona. Ningekodolea macho hapo tu."

"Hata wewe, mama?"

Shamila akachukua simu yake, akaingia chumbani, akafunga.

Sikuzani akakoroga uji huku akijilaumu. Mara mbili alisogea mlangoni aseme amekosea. Lakini hakuwa amekosea, akarudi jikoni. Uji ukapoa.

Mlango ukafunguliwa. Shamila alikuwa amevaa viatu, stendi ya kamera begani.

"Mwenye nyumba kakubali nirudie," akasema. "Vaa baibui twende. Ukiona kimepinda, sema."