Nilivyoona ardhi ya Rumonge ikiinama kwa uzito wa ziwa

Wakuu, amahoro.

Haya ninayowaletea nimeyaona kwa macho yangu mawili, tena nikiwa nimeshiba. Atakayesema ni chai, aje Rumonge nimwoneshe shimo lenyewe.

Kwanza mnijue. Shule ya boma kule Ujiji niliiacha mapema. Mwalimu alichoka na maswali yangu, mimi nikachoka na fimbo yake. Tangu hapo miguu haitulii: nimepiga makasia, nimebeba chumvi, nimekamua mawese kule Kizuka. Nikisikia kuna kitu sijakiona, nakwenda.

Ndivyo nilivyoangukia kwa Bwana Kioo.

Huyu alikuwa Mdachi, ila si Mdachi wa bunduki. Alishuka na makasha mazito, akachimba shimo refu karibu na ufuko, akalijengea kwa mawe na kuliezeka vizuri. Chini kabisa akaweka chombo chake: fimbo nyembamba inayoning'inia kama mlango kwenye bawaba, na juu yake kioo kidogo kuliko ukucha. Taa inapiga kioo, kioo kinarusha nukta ya mwanga kwenye rula ukutani. Ardhi ikiinama kidogo tu, ule mlango unasogea na nukta inahama.

Kazi yangu ilikuwa kufuta taa, kutia mafuta, na kunyamaza. Hiyo ya mwisho ilinishinda.

"Bwana, humu unatafuta nini?"

"Ziwa," akasema. "Nataka kujua linaikalia nchi kwa uzito gani."

Akanifafanulia hivi. Mgeni mnene akikaa kwenye kitanda cha kamba, kamba zinabonyea, na wewe uliye pembeni unateremkia kwake. Ardhi nayo ni vilevile. Mvua zikijaza ziwa, ufuko unainamia majini. Maji yakipungua, unainuka. Akasema huko kwao kaskazini kuna nchi zilizokandamizwa zamani na barafu nene kama milima. Barafu imeyeyuka, lakini nchi zile bado zinainuka, polepole, hadi leo.

Wakuu, mimi barafu sijawahi kuiona. Nikaenda kumwuliza Mama Zuhura.

Mama Zuhura ni mjane mwenye uwanja wa kuanika ndagala, wale dagaa wetu wadogo, hatua chache tu kutoka shimoni. Wavuvi humletea, yeye na binti zake wanaanika mchangani, halafu wanawauzia watu wa milimani. Ndiyo riziki yao yote.

"Maji yanakuwa jiwe, na jiwe linakuwa mlima?" akaniuliza. "Ee mwanangu, huyo Muzungu jua la kwetu limemupiga."

Basi, nukta ikaanza vituko.

Mwezi ukiwa gizani, inahamia upande wa uwanja. Mbalamwezi ikija, inarudi. Mwezi ukifa tena, inahama tena. Mimi nikaruka kwa furaha: "Bwana, mwezi ndio unaovuta!"

Akatikisa kichwa. "Mwezi unavuta, kweli. Lakini huvuta na kuachia kila siku. Huu ni mwendo wa kitu kingine."

Chakula kikawa hakimpiti Bwana kooni. Mvua zilikuwa karibu, na nukta ikiendelea kucheza hivyo, uzito wa ziwa asingeupata.

Hapo akaja akida, mkubwa wa serikali pale kwetu. "Bwana, wanaokusumbua ni yule mwanamke wa ndagala na watu wake. Sema neno moja tu, kesho uwanja uko mtupu."

Niwaibie siri ambayo Rumonge nzima inaijua: ule mchanga akida aliutamani siku nyingi kwa mitumbwi yake.

Mama Zuhura hakungoja kuitwa. Alikuja mikono ikinuka samaki.

"Bwana Kioo, mimi iko na watoto na huu mchanga, basi. Hakuna kingine. Mukisema ninainamisha dunia, mwili gani huu? Munipime!"

Watu wakacheka. Bwana Kioo hakucheka.

"Sawa, Mama. Tupime."

Tukashuka shimoni Bwana na mimi. Juu, Mama Zuhura akawapanga watu wake, wavuvi, binti, wachukuzi na vikapu vyao, wote upande mmoja wa shimo. Nukta ikaondoka. Bwana akapiga kelele wahamie upande wa pili. Nukta ikageuka, ikavuka rula, ikaenda kule walikokwenda.

Wakuu, nywele zilinisimama. Ardhi hii niliyoikanyaga tangu utotoni, niliyoidhani ngumu kuliko kitu chochote, ilikuwa inawaitikia wanawake wenye vikapu!

Tulipopanda, Bwana akauliza, "Mama, huanika lini?"

"Mwezi ukiwa gizani, lini tena? Ndagala anafuata moto wa mutumbwi. Mwezi ukiwaka anauona moto wa nini? Sisi tunalala."

Wakatazamana, wote wawili wakaelewa. Giza la mwezi lilileta mitumbwi, samaki na umati, nukta ikahama. Mbalamwezi ikawarudisha watu nyumbani, nukta ikarudi. Mwezi hatia yake ilikuwa hiyo tu.

"Si nilisema?" akida akadakia. "Ni wao!"

Moyo wangu ukashuka. Kipimo alichokiomba Mama mwenyewe ndicho kilichomfunga. Mama Zuhura alikaza kanga kiunoni.

Bwana Kioo akatazama mawingu juu ya milima ya Kongo, ng'ambo.

"Ni wao," akasema. "Ila aliyekuja nyuma si wao, ni mimi. Shimo ndilo limekaa pabaya."

"Lakini Bwana, kuchimba upya, na mvua hizo zinakuja!" akida akalalamika.

"Ndiyo maana ulete jembe."

Hakuna aliyethubutu kucheka, ila niliona mabega ya wavuvi yakitikisika.

Tulichimba chini ya mwamba, mbali, pasipopita mtu. Wavuvi walikuja bila kuitwa. Mama Zuhura alileta ugali na mawese. Bwana mwenyewe viganja vilimchubuka, na akida, nisimnyime haki yake, alichimba.

Chombo kilitulia mvua zikiwa zimeshaanza. Ziwa likapanda hadi mizizi ya michikichi. Na nukta ikaanza safari kuelekea majini. Giza likaja, mbalamwezi ikaja, nukta haikurudi. Polepole tu, kama mtu anayejilaza.

Nikamwita Mama Zuhura aione. Akashuka, akaziba mdomo kwa kanga.

"Hilo ni ziwa?"

"Ni ziwa, Mama," Bwana akanong'ona.

"Kumbe nalo linanenepa kama mimi."

Bwana akaangua kicheko, nukta ikatetemeka, akatufukuza wote wawili.

Kiangazi kilipofika, maji yakashuka, nukta ikaanza kurudi. Nchi ilikuwa inainua mgongo. Nililia kidogo, sioni haya.

Nilichojifunza: hakuna kilicho kigumu kiasi cha kutosikia mzigo. Na anayetaka kuujua uzito wa ziwa, aanze kwa kuuliza nani alikuwa amekaa pale kabla yake.

Lile shimo la kwanza sasa ni ghala la Mama Zuhura. Ndagala wakavu hawaingiliwi na tone la mvua, maana Mdachi aliezeka kweli.

Haya, wabishi na wenye maswali, uwanja ni wenu. Na kama humu yumo aliyewahi kuishika hiyo barafu kwa mkono wake, aseme ikoje. Mama Zuhura bado hajaamini.