Ugonjwa wa Mwenzio Hauonyeshwi Mwilini Mwako

Yule nesi wa kliniki pale Kinoo ana mikono minene inayonukia spiriti, na foleni ikifika hata nje barabarani sauti yake haipandi. "Swelling iko wapi, mama?" huuliza, maana neno hilo la uvimbe siku hizi ni letu sote, hata bibi wa kijijini ana kaswelling kake. Akitaka kueleza jipu la shingoni huigusa shingo ya chupa ya chai. La mguuni, huugusa mguu wa meza. Mwili wake haugusi, kwani amelelewa kujua kwamba ugonjwa wa mwenzio ukiuonyesha mwilini mwako, utakuhamia.

Mukai, muuza ndengu, alilelewa hivyo hivyo. Mara mbili alikuwa amekuja na uvimbe wa titi, akaona haya, akarudi nyumbani na dawa ya kichwa. Leo tena akasema, "Ni kichwa tu, sista."

"Na hiyo leso unaibania kifuani ya nini?"

Mukai akazidi kuikaza. Nesi akaitazama ile chupa, kisha polepole akaweka kiganja juu ya titi lake mwenyewe.

"Ni hapa, mama?"

Mukai akamtazama mwanamke huyo aliyejiitia balaa kwa ajili yake. Akaifungua leso.