Sukari Guru ya Havaben

Mume wangu simtaji jina. Wanawake wa huku hatutaji, na mimi sitaanza leo. Muiteni Baba Nilesh kama ninavyomwita, au muiteni Patel, ingawa ukisimama katikati ya kijiji chetu ukapaza sauti "Patel!" watageuka wote, wa hekaluni na wa msikitini.

Ni mtu wa pamba. Anaamka, anakunywa chai, anakwenda shamba, anarudi miguu myeusi kwa udongo wa wilaya yetu ya Bharuch, anadai chai nyingine. Maneno yake ya siku nzima hayajazi kiganja. Ila akikutana na Patel mwenzake, loo! Siku aliyokwenda mjini kununua pampu, muuzaji akatokea kuwa Mparsi, si wa hekalu wala wa msikiti, naye aitwaye Patel. Basi, alirudi jioni ana furaha kama mtu aliyetoka kwa ndugu, na pampu ameisahau kule kule dukani.

"Patel ni kazi, si damu!" nilimwambia siku hiyo. "Zamani mkuu wa kijiji ndiye aliyeitwa patel, awe wa dini hii au ile. Kazi imekufa, jina limebaki. Wewe na yule Mparsi mnahusiana nini?"

"Alinipa chai," akasema.

Kitu kimoja alikikosa maishani: dada. Siku ya Rakhi, kina dada wanapowafunga kaka zao uzi mkononi, yeye alikuwa anavaa shati la mikono mirefu, hata kuwe na joto la kufa mtu. Nilikuwa namtania. Nikaacha nilipoona inamuuma kweli.

Ng'ambo ya uchochoro anakaa Havaben, Patel wa msikitini, mjane. Yeye alikosa kaka; aliyekuwa naye alifariki angali mdogo. Na huku kwetu, hekaluni na msikitini sawasawa, harusi ya binti haijakamilika bila mosalu. Mjomba lazima aje na sinia la zawadi, amfunike dada yake nguo mpya mabegani, watu wote wakiona. Lakini kwanza dada aende mwenyewe nyumbani kwao na bonge la sukari guru, amwalike kaka yake. Kaka akiila, amekubali.

Havaben alipomwoza Mumtaz, binti yake mkubwa, hakukuwa na wa kuila. Mosalu ikapita kimya. Tangu hapo mama mkwe wa Mumtaz, hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi, alikuwa anamwita "asiye na mjomba". Sasa ilikuwa zamu ya Rehana, mdogo, na Havaben alikuwa amekonda kwa hofu.

"Na huyu naye watamsimanga vilevile," aliniambia tukiwa tumeegemea ukuta wa uchochoro. "Kosa ni langu."

"Kosa lako lipi? Kifo umekileta wewe?" nikamfokea. Mimi nikimhurumia mtu humfokea, ndivyo nilivyo.

Wiki moja kabla ya harusi, asubuhi, Havaben alifanya jambo lililonichoma. Alikwenda kwenye nyumba ya marehemu baba yake, nyuma ya msikiti, ile iliyofungwa kufuli miaka yote, akaiweka sukari guru kizingitini. Mwaliko lazima upelekwe, mwenyewe awepo asiwepo. Alirudi amejifunika uso.

Saa ya chai Baba Nilesh akaingia, mashavu yametuna, kidevu kinanata.

"Unatafuna nini? Daktari kasemaje kuhusu sukari?"

"Kidogo tu. Nimeikuta kizingitini."

"Kizingiti cha nani?"

"Ile nyumba ya kufuli."

Nikashika kichwa. "Mungu wangu! Umekula mwaliko wa Havaben!"

Akaendelea kutafuna. Nikampasha: mzee mzima, mlafi, anaokota vitu milangoni mwa watu kama mbuzi! Aende akaombe radhi upesi.

"Imeshaliwa," akasema.

"Huwezi kuwa mjomba wa watoto wa Kiislamu! Kwa sababu ya jina tu? Patel ni kazi, si damu, nikwambie mara ngapi?"

"Sawa, ni kazi." Akajifuta kidevu. "Mtoto wa kijiji asiye na mtu wake, zamani nani alikuwa anamsimamia harusini?"

Jibu nililijua. Bibi zetu walitusimulia sote: patel. Ilikuwa sehemu ya kazi yake, kama kukusanya kodi. Nikammiminia chai kabla hajaidai.

"Itahitajika sari," akasema taratibu.

Nina watoto wa kiume watupu. Ilikuwepo sari moja ya hariri ya kijani, ya mama yangu, niliyomtunzia binti ambaye hakuja. Nililia kidogo nilipoitoa sandukuni, siwadanganyi. Kisha nikaipiga pasi.

Siku ya harusi Havaben alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, kichwa chini, maana ndivyo dada anavyomngoja kaka, na mbele yake hakuna mtu. Wageni wa upande wa bwana harusi walishaanza kukonyezana. Mara ngoma ikalia mwisho wa uchochoro. Baba Nilesh huyo, na kilemba cha baba yake, sinia mikononi, na nyuma yake wanaume wa hekaluni na wa msikitini, amewaokota mmoja mmoja tangu alfajiri.

Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye mdomo, akamkingia njia. "Na huyu nani?"

"Patel."

"Patel gani? Si wa hekaluni huyu?"

"Mjomba wa Rehana. Sukari guru nimeila. Kama huamini muulize mke wangu, amenitukana wiki nzima."

Uchochoro mzima ukaangua kicheko, shangazi naye akashindwa kujizuia, akapisha. Baba Nilesh akamfunika Havaben ile sari mabegani. Kwenye sinia, chini ya ile sari, palikuwa na nguo ya pili, ya Mumtaz; akampa Mumtaz mwenyewe, mama mkwe wake akiangalia. Havaben alilia. Kisha akainua uso, akanitafuta kwenye umati.

"Wifi," akaniita.

Nimeolewa na mwanamume asiye na dada. Sikuwa nimewahi kuitwa hivyo na mtu.

Siku hizi ikifika Rakhi anavaa mikono mifupi, mvua inyeshe isinyeshe, na uzi anaofungwa na Havaben hauvui mpaka ukatike wenyewe. Juzi nikiwa nachambua dengu ndipo wazo liliponijia. Shamba letu liko upande wa mto. Nyumba ya kufuli iko upande mwingine kabisa wa kijiji.

"Baba Nilesh," nikamwita. "Asubuhi ile ulipitaje nyuma ya msikiti?"

"Nilipotea njia," akasema, akadai chai.