Masizi ya Chungu na Kreyo ya Shule

Krrr-krrr-krrr. Bado naisikia: kifungo cha sauti cha redio yetu, kila Mama alipokizungusha. Ilikuwa miaka ya Zaire, hapa Kalemie. Bibi alikuwa mgonjwa sana huko Moba, na habari za wagonjwa na marehemu zilisomwa redioni kila jioni. Basi Mama, baada ya kuanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kutwa, anakaa karibu na redio, macho yanajifumba yenyewe.

Siku moja sauti ikaanza kukatika. Nikafungua redio kwa kisu. Ndani ya kifungo kulikuwa na utepe mweusi, mwembamba kama ganda la kitunguu, umepakwa juu ya karatasi ngumu. Katikati ulikuwa umelika. Mimi, enjenieri mzima wa darasa la sita, nikasema: weusi ni weusi. Nikakwangua masizi ya chungu, nikachanganya na mafuta ya mawese, nikapaka. Redio ikanyamaza. Jioni ile hatukusikia tangazo hata moja.

"Umeua redio, mama yangu," Mama aliniambia mimi bintiye. Hakuwa hata na nguvu ya kukasirika. "Na kama walimtaja bibi yako?"

Asubuhi nikapeleka redio kwa jirani yetu tuliyemwita Papa, fundi wa redio. Aliponusa mawese alicheka mpaka akakohoa.

"Mama kidogo, umeipikia majani ya sombe?"

Akanieleza. Masizi ni vumbi, chembe hazishikani, na mafuta yamezitenga zaidi. Umeme unapita wapi? Lakini kreyo, penseli yako ya shule, weusi wake unalala tabaka juu ya tabaka, kama magamba ya samaki. Akasugua kreyo kwenye kioo cha taa: ikateleza, haikuacha kitu. Kwenye karatasi ngumu ikashika.

"Weusi unataka pa kulala," alisema. "Safisha mafuta, sugua mwenyewe. Mimi nimechoka. Na mwambie Mama asilie, tangazo la kifo wanalirudia siku tatu."

Nikausugua utepe mpaka nikamaliza kipande changu cha mwisho cha kreyo ya shule. Jioni kifungo kikazunguka bila krrr, sauti ya mtangazaji ikaja safi. Lakini Mama alikuwa ameshalala, amekaa vilevile, magamba ya ndagala yangali yanang'aa mikononi. Nikasikiliza majina ya marehemu wa watu wengine, moja moja, mpaka mwisho. Bibi hakutajwa.

Nikakizungusha kifungo polepole mpaka redio ikazima, nikamwacha Mama alale.