Jina la Mama Yake Mzee Bakar

Mwatumu, fundi cherehani wa Chumbageni, ana ulimi mwepesi kuliko sindano yake, na mwenyewe hakatai. Lakini kulikuwa na swali moja lililomfunga mdomo miaka mingi: bibi yake, mama mzazi wa baba yake, aliitwa nani?

Baba mwenyewe, Mzee Bakar, hakujua. Usimcheke. Mama yake, mwanamke wa Kipemba aliyeolewa katika kijiji cha Moa, alifariki akamwacha angali ananyonya. Baba mtu akahamia Tanga na kichanga chake, akaoa mke mwingine, Bi Semeni, na huyo alimlea Bakar kwa mapenzi hata mtoto akakua hajui kama kuna aliyemzaa zaidi yake. Alipokuja kuambiwa, aliona ni utovu wa adabu kumuuliza mama mlezi habari za mama mzazi. Akanyamaza, akanyamaza, mpaka wote waliojua wakatangulia mbele ya haki.

Kilichomuuma ni hitima. Kila Shaabani, kabla ya kufunga, watu wa mtaani hukusanyika kuwasomea marehemu wao, na kila marehemu hutajwa kwa jina lake na la baba yake. Zamu ikimfikia, Mzee Bakar alimtaja Bi Semeni, kisha akamalizia na "wazazi wetu wote," sauti ikififia. Sasa alikuwa amevuka themanini, kifua kinambana, na siku moja alimwambia Mwatumu bila kuzunguka:

"Naogopa kumfuata mama yangu hali sijui nimwombee kwa jina gani."

Siku Muungano ulipotimiza miaka sitini, ukoo ulikuwa umejaa sebuleni kwake, pilau katikati, redio ikisimulia habari za bara na visiwani. Mzee akatania, "Mimi mwenyewe muungano. Baba Mdigo, mama Mpemba." Wote wakacheka ila Mwatumu. Pale pale akakata shauri: kuanzia siku hiyo, kila sikukuu ukoo utatafuta jina kwanza, kula baadaye. Wapo walionuna, hasa walafi, lakini nani wa kubishana na Mwatumu?

Idi Kubwa walihojiana wao kwa wao, wakaambulia patupu. Ndipo wifi yake Anastazia, Mbondei wa Muheza na Mkatoliki wa kila Jumapili, akampiga mzee picha na kumtumia kaka yake Nehemia, anayepeleka machungwa Moa. Nane Nane Nehemia akapiga simu. Mteja wake mmoja alikuwa ameapa kwamba picha ile ni ya marehemu Shaib, na kumbe Shaib alikuwa kaka yake Mzee Bakar, tumbo moja, aliyebaki Moa kwa ndugu za mama yao waliovuka naye kutoka Pemba. Mjane wake, Bi Tuhfa, yu hai. Mzee Bakar, ambaye hakujua kama aliwahi kuwa na kaka, alilia, akafurahi, akalia tena.

Sikukuu ya Maulidi, mawifi wawili wakashuka Moa na sukari na doti ya kanga.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Sura hiyo hiyo ya kina Shaib!"

Bi Tuhfa alisimulia yote aliyosikia kwa mumewe: jinsi mama yao alivyovuka kutoka Pemba, alivyopenda kuimba akitwanga, alivyozikwa nyuma ya msikiti. Mwatumu akauliza jina. Bibi akakaza kanga kichwani.

"Sitaji miye."

"Umelisahau, mama mkubwa?"

"Nisahau? Nalijua vyema. Lakini sitaji."

Mwatumu alibembeleza, akaapa, akaongeza sukari aliyokuwa ameiweka kwa safari ya pili. Bibi hakulegea. Mwatumu akaanza kupandwa na hasira, akidhani wanachezewa, hata Anastazia akamgusa goti.

"Wifi, huyo marehemu ni mkwe wake. Hata kwetu jina la mkwe halitamkwi." Kisha akamgeukia bibi. "Bibi, nani katika wajukuu amerithi jina?"

Uso wa Bi Tuhfa ukafunguka. Akaita, "Mamkwe! Njoo hapa uwaambie wageni unaitwaje." Kutoka uani akaja mjukuu, mwanamke mzima, mikono imetapakaa unga, akishangaa.

"Naitwa Kazija," akasema. "Nimepewa jina la bibi mzaa babu. Kazija binti Makame."

Mwatumu alimkumbatia na unga wake, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru Nehemia na machungwa yake. Na wifi yake alimshukuru mara nyingi hata Mwatumu akaombwa anyamaze.

Shaabani ikaingia, hitima ikasomwa nyumbani kwa Mzee Bakar, na watu wa Moa wakaja. Sheikh alipouliza majina, zamu ikamfikia mzee. Akamtaja kwanza Bi Semeni, aliyemlea, asije akaona ameachwa. Halafu akaongeza:

"Na Kazija binti Makame. Mama yangu."

Miaka yote alikuwa ameitikia amina kwa mama za watu. Sasa nyumba nzima, wanaume barazani na wanawake uani, ilimwitikia yeye kwa wa kwake.