Mchimba Makaburi wa Itetemia

Mchimba makaburi wa kanisa la Wamoraviani pale Itetemia hulainisha kuta za kaburi kwa kiganja, kama mama anayekandika chumba cha mgeni. Akimaliza hujilaza humo kidogo kupima urefu, kisha hutoka akiimba kwa sauti yake nzito. Siku moja mchungaji kijana, aliyekuwa amerudi kwa meli kutoka masomoni Ulaya, alimweleza kwamba Yesu alifufuka mioyoni mwa wanafunzi wake tu, wala si kaburini. Mzee alijipangusa udongo vidoleni taratibu. “Mwanangu Mchungaji, mke wangu yumo moyoni mwangu mwaka wa tisa huu, na bado nakula peke yangu. Mimi namngoja yeye mwenyewe.” Mzee akafungua kikapu, akamkaribisha kijana michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, pamoja na karanga, wakala pamoja mpaka wakashiba.